Mahali pa Sydney Tulizika Tunda

Kama gazeti la wiki jana ulifungiwa nalo dagaa wa omena kabla hujafika ukurasa wangu, pole. Nitakuhurumia kwa maneno machache.

Kaka yangu Sydney, mvuvi wa Port Victoria asiyejua kuogelea, alizama mashua yao ilipopinduliwa na upepo. Wenzake walifika nchi kavu. Yeye hakufika. Alitafutwa hadi injini zikaishiwa na petroli na watu wakaishiwa na huruma.

Nilipokuwa nikimwambia ajifunze kuogelea, alikuwa ananijibu, "Kwani rubani hujifunza kupaa bila ndege?"

Basi ndege ilianguka.

Nilikuachia pale ambapo Baba Mdogo Obonyo, mdogo wake marehemu baba yetu, aliingia nyumbani kwetu Asembo Bay na tunda begani, akalitua mbele ya Mama na kusema, "Seline, huyu hapa Sydney. Tuzike."

Haya, tuzike.

Kwa msomaji wa mbali: sisi Wajaluo, mtu akipotelea majini na mwili usionekane, tunazika tunda la yago badala yake. Tunda hilo ni refu na zito, hukaa mtini likining'inia kama soseji iliyonyongwa. Tunalivisha shuka, tunaliweka ndani ya jeneza, tunalililia. Likishafukiwa, mtu amekufa kabisa. Roho yake inapata mlango wa kwao, inaacha kuzurura.

Sina ugomvi na mila. Ugomvi wangu ulikuwa na haraka.

"Baba Mdogo, si tungoje kidogo? Ziwa hutoa watu hata likikaa nao."

"Sheryl, mvua imeshanyesha."

"Najua. Na Sydney amelowa kutushinda sote."

"Funga mdomo. Maiti haijazikwa, jembe haliingii shambani. Unataka ukoo mzima ulale njaa tukingoja kaka yako achague siku ya kuibuka?"

Nikaelewa. Mahindi yalikuwa na haraka kuliko Sydney.

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, anachuna majani yaliyokuwa karibu yake. Hakusema ndiyo wala hapana. Kwetu mjane akinyamaza, wazee wanasikia ndiyo.

Baba Mdogo alikuwa amechagua tunda kubwa ili watu wasiseme tumemdharau marehemu. Sydney alikuwa mwembamba, mkanda wake aliutoboa matundu ya ziada kwa msumari. Lile tunda lilikuwa na kitambi kama cha diwani.

Wabebaji walipoinama kulishusha jeneza, mmoja aliteleza kwenye tope. Jeneza likainama. Ndani, kaka yangu akabiringika: ngudu, ngudu, ngudu, akagonga ubao.

Nikacheka.

Sikupanga. Kicheko kilinitoka kama chafya kanisani. Watu wakageuka. Mama akainuka, akapita katikati ya shangazi zangu wote, akanizaba kofi.

"Unamcheka kaka yako?"

"Nalicheka tunda, Mama."

Akanizaba lingine. La kwanza lilikuwa la kicheko. La pili lilikuwa la ukweli.

Kesho yake, maua ya kaburi hayajanyauka, Baba Mdogo na wanawe walikuwa shambani wanatia mbegu. Walikuwa wanapiga mluzi.

Nilirudi Kisumu kwa kazi yangu, duka la vitambaa la Mama Indumati. Wateja wakaniambia pole. Nikawaambia asante. Walipoondoka nilijifungia stoo ili nimlilie ndugu yangu kama watu wengine wanavyolia.

Haikuwezekana.

Kila nikifumba macho nimwone Sydney, nilikuwa naona tunda. Nikijaribu kukumbuka sauti yake, nasikia ngudu, ngudu. Walinipokonya kaka mara mbili: ziwa likachukua mwili, yago likachukua sura.

Nilitaka kitu kimoja tu. Mtu aniambie yuko wapi.

Ndiyo maana Jumapili moja nilijikuta Otonglo, nyuma ya gereji, ndani ya kanisa la mabati la Nabii Robinson. Mama alikuwa akimsifia kwa simu tangu matanga, eti nabii yule anaona chini ya maji. Nikasema twende, labda huyu ni darubini.

Nabii alikuwa amevaa kanzu nyeupe, miguu mitupu, kucha safi kuliko zangu. Akanishika kichwa kama anayepima tikiti maji.

"Binti, una mtu wako majini."

"Nabii, Kisumu nzima ina mtu wake majini."

Waumini wakaguna. Yeye hakutikisika. Akafumba macho.

"Namwona. Ameketi. Anatetemeka. Anasema ana baridi."

Mzaha ukanikauka mdomoni. Sydney alikuwa mtu wa baridi kweli, alikuwa akilala na soksi hata Januari.

"Anasema nini kingine?" nikauliza. Sauti ilikuwa yangu lakini ya utotoni.

"Anasema hamkumlilia vizuri. Kuna mtu wa tumbo moja naye alicheka kaburini kwake. Kwa sababu ya kicheko hicho hawezi kuvuka."

Nikaanguka pale kwenye sakafu. Hatimaye nililia, lakini sikumlilia Sydney, nilijililia mimi. Mimi ndiye niliyemfungia mlango! Waumini wakapiga makofi na vigelegele. Nabii akanimwagia maji.

Wakati ananiinua, kwa furaha ya kazi nzuri, akateleza ulimi.

"Usihofu, binti. Hata mama yako alilia hivi hivi, na yeye nilimwambia kijana yuko kwenye nuru, amevaa nyeupe, anaimba."

Nikajipangusa maji usoni.

"Mama ndiye aliyekuambia nilicheka?"

"Mama yako ni mtu wa maombi."

"Ngoja, Nabii. Mama amepewa nuru na nyimbo, mimi nimepewa baridi. Sydney ni huyo huyo mmoja?"

Akaniinamia sikioni, akanong'ona taratibu kama daktari: "Kila mtu hupewa ujumbe wa kumleta tena."

Sijawahi kusikia ukweli mtupu namna hiyo ndani ya kanisa.

Jumatatu nilifika dukani macho yamevimba. Mama Indumati ni mzee, mjane, anatembea akishikilia meza, na mdomo wake haujazeeka hata kidogo. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe jana kunywa?"

"Hapana, Mama. Nilienda kanisani."

"Hiyo mbaya zaidi."

Nikamweleza yote: tunda, kicheko, baridi. Sikutarajia aelewe. Alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akanionyesha kiti.

"Sikia. Ndugu yangu alikufa. Sisi Wahindu tunachoma maiti, unajua. Baadaye tunapika wali, tunaweka nje, tunangoja kunguru. Kunguru akila, roho imeridhika, imeenda. Asipokula, roho bado iko na neno."

"Akala?"

"Atakula wapi! Kunguru wa Kisumu amelelewa na vichwa vya mbuta. Anaangalia wali yangu, anaangalia mimi, anaruka kwa jirani anakula samaki. Mimi nakaa kwa jua, nalia, nasema, kaka, umekasirika nini? Mtoto wangu Navin anasema, 'Mummy, tuweke samaki kwa wali.' Mimi nampiga na kandambili."

Nikacheka. Safari hii hakuna aliyenipiga.

"Kisha ukafanya nini?"

"Nikakula hiyo wali mwenyewe. Yote."

"Na kaka yako? Alienda?"

Akavaa miwani vizuri. "Sijui, Sheryl. Tangu siku hiyo mimi nasema sijui. Inauma, lakini haidanganyi mtu."

Hapo ndipo kivuli kilipoziba mlango wa duka, na harufu ya samaki ikaingia kabla ya mwenyewe.

Alikuwa Wechuli. Huyu ndiye mwenye ile mashua iliyopinduka, mtu wa Port Victoria, rafiki ya Sydney. Tangu ajali hakuwahi kunitazama machoni. Leo alinitazama. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Sheryl, ziwa limetoa mtu."

Nikasimama.

"Nani?"

"Alikuwa amenasa kwenye mafunjo. Sura..." Akaikunja ile kofia. "Sura hakuna, dada. Lakini mguu mmoja una gambuti kama ya kwake. Sikutaka kukupigia simu. Nimekuja na pikapu."

Mama Indumati alivuta jora la pamba nyeupe, akalikata bila kupima, akaniwekea mikononi.

"Enda," akasema.

Njiani Wechuli alijaribu kunitayarisha. Alisema samaki hawana adabu. Nikamwambia najua, nimewala wengi na mimi sikuwa na adabu.

Mochari ya kule Port Victoria sitaielezea. Unaweza kuwa unakula.

Kulikuwa na mtu juu ya meza, na huyo mtu angeweza kuwa yeyote: wa Uganda, wa Usenge, wa popote. Mhudumu akasema, "Dada, kama huna uhakika usiseme ndiyo. Watu huja hapa wakitaka sana kumwona mtu wao, wanachukua wa watu wengine."

"Vua gambuti," nikamwambia.

Akaikata kwa kisu. Ndani kulikuwa na soksi. Ndani ya soksi kulikuwa na mguu mweupe kama sabuni, na ule mguu ziwa halikuwa limeugusa.

Kidole cha pili na cha tatu vilikuwa vimeungana.

Nikavua raba yangu, nikavua soksi, nikapandisha mguu wangu ukingoni mwa meza, kando ya wake. Vidole vyangu vimeungana vivyo hivyo. Marehemu baba alikuwa akituita mabata wake wawili. Mabata! Na mmoja hakujua kuogelea.

Mhudumu alitazama mguu wangu, akatazama wa pili, akatoka nje.

Hapo lile tunda likaniondoka machoni. Nilimwona Sydney. Nilimwona akitoboa mkanda kwa msumari, akinyoosha mkono kwenye sahani yangu, akiniita Mwalimu kwa sababu nilimaliza Kidato cha Nne na yeye hakumaliza. Nikalia hadi Wechuli akanishika nisianguke.

Na nikaomba, mara ya kwanza tangu azame. Halikuwa ombi la kufundishia watoto. Nilisema: Mungu, ulijua alipo siku zote hizi na ukatazama tu. Nisaidie nimlaze kwenye shimo lake. Tukimaliza hilo, mimi na wewe tutagombana.

Polisi waliandika waliyoandika. Fundi wa mashua pale ufukweni akapiga jeneza kwa mbao zake, akaziba nyufa kwa pamba kama anavyoziba mashua. Lilikuwa jahazi la kwanza la Sydney lisilovuja. Tukamfunga kwa kitambaa cha Mama Indumati, tukampangia barafu ya samaki ndani na nje, na Wechuli akawasha gari.

Nikampigia Baba Mdogo.

"Tumempata Sydney. Tunamleta."

Nilisikia kuku wakilia upande wake.

"Sydney gani?"

"Baba Mdogo, una Sydney wangapi?"

"Sydney ninayemjua mimi amelala kushoto kwa nyumba ya mama yake. Nilimzika kwa mikono yangu. Mahindi yake yameshaota. Wewe umeokota mtu wa watu."

"Nimeona vidole."

"Usilete hapa," akasema, na akakata.

Tulimleta.

Jua lilikuwa kali tulipokata kona ya nyumbani. Lango lilikuwa limefungwa, na mbele yake Baba Mdogo alikuwa amesimama na wazee wa ukoo, fimbo mkononi. Mama alikuwa nyuma yao, ndani ya boma, leso kichwani. Maji ya barafu yalikuwa yanatiririka kutoka nyuma ya pikapu, na inzi wa Asembo Bay wote walikuwa wameshapata habari.

Nikashuka.

"Fungueni, tafadhali. Ameoza njiani vya kutosha."

Mzee mmoja akafunika pua. Baba Mdogo hakufunika. Nitampa hilo: hakufunika.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, na kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko matusi. "Sikiliza kama mtu aliyesoma. Kaburi moja, mtu mmoja. Tukichimba la pili, ardhi itauliza, huyu wa kwanza alikuwa nani? Nani anadaiwa hapa? Na ardhi haiulizi kwa mdomo."

"Basi tusichimbe la pili. Tutoe tunda, tumweke yeye."

Wazee wakarudi nyuma hatua. Mmoja akatema mate pembeni.

"Kaburi limeshakula," Baba Mdogo akasema. "Ukilipokonya, linamfuata aliyelipokonya. Mimi nina watoto. Hawa wana watoto. Nani atashika jembe?"

"Ulizika kwa haraka ili upande mahindi! Ungengoja..."

"Ndiyo," akasema. Hakukataa, na hilo liliniuma zaidi. "Niliharakisha. Na sasa siwezi kuirudisha. Mpeleke ufukweni, azikwe kule kama mgeni wa maji. Nitakuja. Nitalia."

"Kama mgeni! Kando ya nyumba ya mama yake mwenyewe tumelaza tunda lenye kitambi, na yeye awe mgeni?"

Nikawapita wazee. Nikaenda langoni, nikashika vyuma, nikamwita mtu mmoja aliyebaki.

"Mama, ni Sydney."

"Najua ni Sydney," Mama akasema.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Unajua?"

"Tumbo lililombeba limeniambia tangu gari lilipokata kona." Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Mrudishe."

"Wapi, Mama?"

"Ulikomtoa."

"Nilimtoa juu ya meza! Nusu yake imeliwa!"

"Nabii ameniambia yuko kwenye nuru. Alinipa hiyo, Sheryl. Sikuwa na kitu kingine cha kulalia. Na wewe umeniletea hiki." Akaonyesha pikapu kwa kidevu, kama anayeonyesha takataka za jirani.

Nabii alimpa nuru vile vile alivyonipa mimi baridi. Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikakumbuka sura yake pale chini akichuna majani, nikalimeza.

Badala yake niliruka lango. Shule nilifundishwa mengi, ila hilo nililijua kabla.

Jembe la Baba Mdogo lilikuwa limeegemea ukuta wa ghala. Nikalishika. Nyuma yangu wazee walipiga kelele, lakini hakuna aliyethubutu kunigusa. Aliyeshika jembe la kufukua kaburi hagusiki tena. Nikazunguka nyumba ya Mama, upande wa kushoto, ambako mahindi ya urefu wa kidole yalikuwa yameota hadi ukingoni mwa kaburi.

Mama alinipita mbio. Sijui alipata wapi miguu. Miaka yote amekuwa akilalamika goti.

Akajitupa juu ya kile kichuguu, chali, akatandaza mikono kama mtu aliyelala kitandani kwake.

"Mama, toka."

"Nilizaa wawili."

"Mama, toka, tafadhali."

"Mmoja nimeshamzika. Kama ni tunda, ni tunda. Kama hayuko kwenye nuru, hayuko. Huyo aliye kwenye gari nitamkana mbele ya watu wote na mbele ya Mungu, Sheryl, nitamkana hadi nife, kaburi hili lisikufuate wewe." Sasa ndipo machozi yalipomtoka, yakaingia masikioni kwa vile alivyolala. "Unataka kufukua? Fukua. Anza na mimi."

Kutoka langoni nikamsikia Wechuli, sauti imemkatika.

"Sheryl! Barafu imeisha!"

Mama akafumba macho. Hakusogea.

Nikainua jembe.